Sungura Wawili wa Kajiado

Ukishaipita Athi River, Kitengela inakupokea kwa vurugu zake: maghorofa mapya, honi za matatu, malori ya saruji, vibanda vya nyama choma. Vumilia. Ukivuka Isinya anga linapanuka ghafla, migunga inatawanyika uwandani, na ng'ombe wanakatiza barabara ya Namanga bila kumjali mwenye gari. Naipenda Kajiado kwa upana huu, na zaidi kwa hadithi zake.

Karibu na Ilbissil, mifugo ilipokwisha kuingia bomani, watoto waliniinamishia vichwa niwaguse, kama wanavyowaamkia wakubwa, kisha wakamzunguka nyanya yao. Koko, ndivyo wanavyomwita, alisimulia kwa Kimaasai huku mjukuu mkubwa akinitafsiria. Tembo wanakwenda ukweni na mifuko ya asali. Sungura anaomba kuvushwa mto, anapanda mgongoni, anailamba asali yote. Matone yakimwangukia tembo, anasema ni machozi yake. Kisha anaomba mawe ya kuwatupia ndege, kumbe anaijaza ile mifuko. Watoto walikuwa wameisikia mara nyingi, na bado walianza kucheka kabla mawe hayajatajwa! Ni hadithi ya siku nyingi: A. C. Hollis aliichapisha mwaka 1905, na Naomi Kipury akaiweka katika kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wamaasai, mwaka 1983.

Zamu yangu ilipofika nilitoa ya Kihindi, kutoka Panchatantra. Visa hivyo vilitungwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na vyenyewe vinadai kwamba mzee Vishnu Sharma aliwafundishia wana watatu wa mfalme walioshindikana kusoma. Pwani yetu inavifahamu kitambo. Kisa cha kima na papa, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar, ni ndugu wa kile cha kima na mamba cha India.

Nilichagua cha ukame. Tembo wenye kiu wanalivamia ziwa na kuwakanyaga sungura kandokando yake. Sungura mmoja anamwendea mfalme wa tembo usiku, anajitambulisha kuwa mjumbe wa Mwezi, anamwonyesha mwezi ndani ya maji. Mkonga unagusa maji, mwezi unatetemeka. Umekasirika! Mfalme anainama, anaondoka na watu wake.

Sikuhitaji kueleza chochote. Mtoto wa kaunti yenye Amboseli anamjua tembo mwenye kiu, na ukame ameuona kwenye mbavu za ndama wa kwao. Nadhani ndiyo siri ya visa vya Kihindi kwa watoto: hatari ni ya kweli, na mdogo hupewa akili ya kuikabili. Hapa, chini ya anga hili, vimepata kwao.

Msichana mdogo kuliko wote hakuridhika. Aliuliza, "Sasa wale tembo walikunywa wapi?"

Mimi sikuwa na jibu. Koko alikuwa nalo: "Walienda Kimana. Kule chemchemi zinawatosha wote."