Askari wa Misri, Ilula

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kompyuta pale Ilula, nyuma ya duka ambalo mchana linatoa fotokopi na kusajili laini. Usiku, malori yakishaondoka na matenga ya nyanya kuelekea Dar, yeye anachora Misri ya kale. Anashirikiana na vijana wenzake aliokutana nao mtandaoni kutengeneza gemu ya vita vya kihistoria: unajenga mji, unalima, unaunda jeshi, unapigana. Yeye kapewa askari, magari ya farasi na michoro ya kutani. Hakuna anayelipwa.

Desemba nilipokwenda likizo alinionyesha kazi yake. Wachoraji wa Misri walianza kwa kupiga miraba. Kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipewa miraba 18, kutoka unyayo hadi nywele zinapoanzia. Uso unatazama pembeni, jicho linakutazama wewe. Mabega yako mbele, miguu inakwenda upande. Ukutani inapendeza.

"Sasa nikimjenga hivyo hivyo kwenye gemu, dada, anatembea kama kaa."

Kwa hiyo kazi yake ni kuwanyoosha. Vifaa havimsumbui: upinde, kiatu, mkate, gurudumu lenye vijiti sita, vyote Wamisri walivichora, na vingine vilizikwa na wenyewe vikafukuliwa vizima.

Nikamuuliza, kwa ujeuri wa mwandishi wa habari: "Na Lugalo je?"

Lugalo ni hapo tu, njiani ukitoka Ilula kwenda Iringa mjini. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvamia pale msafara wa Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamuua pamoja na askari wake wengi. Nimepita pale kwa basi tangu niko shule, na mnara unaowakumbuka Zelewski na wenzake nilikuwa nauonea dirishani tu.

Mdogo wangu alicheka. "Unajua Misri ilifika Lugalo?"

Kweli. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikwenda Kairo kuajiri askari wa Kisudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri. Wasudani walikuwemo kwenye msafara wa Zelewski. Watu wa Mto Nile walikuja kufia huku kwetu, wakipigania Mjerumani.

Usiku ule nilifungua makala niliyowahi kuiandika kuhusu vita vile. Zelewski nimemtaja mara tano. Msudani hayumo. Mhehe mwenye mkuki, ukimwacha Mkwawa mwenyewe, sikumpa hata sentensi moja. Nilikuwa nimeandika vita vya nyumbani kwetu nikiwa nimesimama upande wa mnara.

Asubuhi nikamwomba mdogo wangu anijengee Mhehe mmoja. Tulikwenda Kalenga, kwenye makumbusho linapohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, tukaangalia silaha. Mkuki tukaupata. Ngao tukaipata. Lakini alivaaje siku ile, alisimamaje, nywele zake zilikuwaje? Hapo hatukuwa na ukuta wa kusoma.

Siku tatu baadaye modeli ilikuwa tayari. Wahehe 20, wamepangwa mstari, vifua mbele, mikuki juu, kama walinzi wa Farao. Nikaona fahari kweli. Tukambebea bibi simu jikoni. Akaacha kuchambua maharage, akaisogeza karibu na macho.

"Hawa ni akina nani?"

"Watu wa Lugalo, bibi."

Akatazama tena. "Mbona wamesimama?"

Tukanyamaza.

"Walikuwa wamejificha porini, wanangoja. Ukisimama hivi Mjerumani si anakuona?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Mdogo wangu hakubishana. Jioni ile alifuta mstari mzima akaanza upya na mtu mmoja: amechuchumaa, mkuki kaulaza chini sambamba na mguu, kichwa kakiinamisha. Kazi ngumu, aliniambia, maana gemu haina mtu anayengoja. Askari wake wote huzaliwa wamesimama. Nilipopanda basi kuondoka alikuwa bado anahangaika na magoti.

Pale Lugalo nilimwomba kondakta anishushe.