Twende Morogoro Stores, Penye Picha za Mtu wa Tunduru

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Mbinga au Mbamba Bay hata Dar es Salaam, safari ya kilometa zaidi ya 1,000 kwa njia ya Songea, Njombe na Iringa, bila shaka una shughuli yako: mgonjwa wa kumpeleka Muhimbili, au mtoto anayeanza chuo. Shughuli ikiisha, usikae barazani kwa ndugu yako ukingoja siku ya basi. Chukua nusu siku uende mahali paitwapo Morogoro Stores, huko Oyster Bay, katika barabara ya Haile Selassie. Wageni kutoka Ulaya wapajua sana. Watu wetu huwaoni huko ila mmoja mmoja, nalo ni jambo la ajabu, maana aliyepapatia sifa alikuwa mtu wa mkoa wetu wa Ruvuma.

Utapatambua kwa rangi. Picha zimetundikwa ukutani, nyingine zimeegemezwa chini: chui, ndege wa shingo ndefu, samaki, kijiji kizima na soko lake. Wachoraji wenyewe wameketi papo hapo, makopo ya rangi kando yao. Piga hodi, salimu, kisha simama umtazame mmoja. Kwanza hupaka rangi ya chini kote, huiacha ikauke, ndipo amchore mnyama, na mwisho huweka madoa, moja moja, kwa mkono usiotetemeka. Rangi hiyo si ya anasa. Ni ile ile ya kung'aa ipakwayo baiskeli na milango.

Mwanzilishi alikuwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alitoka kwao kama vijana wengi wa kusini, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Hakufundishwa uchoraji katika shule yo yote. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya ubao mwembamba wa kiwandani, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores. Ndugu na jamaa wakamfuata kujifunza, miongoni mwao Simon Mpata na January Linda. Mwaka 1972 polisi walilipiga risasi gari alimokuwamo, wakidhani limebeba wahalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu! Lakini wanafunzi wake hawakutawanyika, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Sasa pana neno lenye ubishi. Utaona chui yule yule kwa wachoraji watatu, na wapo wanaosema kwamba huo ni wizi wa kazi ya mwenzako. Mimi sioni hivyo. Wewe wa pwani ya Nyasa wavijua vyungu vya akina mama wa Kikisi. Je, mama mmoja humshitaki mwenziwe kwa kufinyanga chungu cha umbo moja? Ubaya niuonao ni mwingine. Picha za namna hii huuzwa pia Unguja, Arusha na ng'ambo, na mnunuzi hajui aliyechora alipata nini. Hapa Morogoro Stores unaweza kumlipa yule uliyemwona akichora. Tazama pembeni mwa picha, mna jina lake. Muulize ndiye nani, na kwao wapi. Usishangae akikujibu Tunduru au Masasi.

Ukipata nafasi, nenda na Mwenge, karibu na barabara ya Sam Nujoma, kwa wachongaji. Wengi ni Wamakonde. Huko utasikia tezo na patasi kabla hujaona kitu. Angalia tu usiuziwe mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu ukaitwa mpingo. Mpingo ni mzito, hata majini huzama. Basi pima kwa mkono, kisha sugua kwa kitambaa chenye maji uone kama weusi watoka.

Habari ya bei: ya kwanza utakayotajiwa si ya mwisho, na kupatana si ugomvi. Lakini usimkaze mtu mpaka kazi ya siku mbili ikageuka kuwa nauli ya daladala. Asiye na fedha nyingi atapata picha ndogo, ya kutosha ukuta wa sebule.

Kabla ya kufunga mzigo, uliza kama picha imekauka kabisa, maana rangi ile hukawia. Ikiwa ya kitambaa, ikunje mviringo, upande wa rangi ukiwa nje, uifunge kwa karatasi, na ndani ya basi uishike mwenyewe. Usiitie chini kwenye mizigo. Kutoka Dar es Salaam hata Songea ni mbali, na juu yake watawekwa kuku na magunia.