Kamera ya gari kwa barabara za Pemba: ipi inamfaa mzazi?

Anayeshuka melini Mkoani na kushika njia ya Chake Chake huanza kupanda na kushuka vilima papo hapo. Urefu wa kisiwa cha Pemba haufiki kilomita 70, lakini dereva wa hapa hahesabu kilomita, huhesabu kona. Nyuma ya kila kona pana jambo: gari la ng'ombe lenye mzigo wa makuti, Vespa iliyopakia watu watatu, watoto wa skuli wanaofuatana ukingoni, na msimu wa mavuno ukifika, majamvi ya karafuu yaliyoanikwa karibu na lami.

Katika njia kama hii, ajali ndogo huzaa ugomvi mkubwa. Dereva atasema mtoto alikatiza ghafla. Jamaa za mtoto watasema gari lilikuwa mbio. Aghalabu pande zote mbili wanajuana, wanaswali msikiti mmoja na huzikana. Shauri likifika kwa sheha au polisi bila shahidi, linabaki neno kwa neno, na hata anayeshinda huondoka na uadui wa jirani. Hapo ndipo kamera ndogo inayobandikwa kwenye kioo cha mbele inapopata kazi yake. Swali ni ipi ya kununua bila kupoteza pesa.

Jambo la kwanza ni jua. Gari lililoegeshwa sokoni Chake au bandarini Wete huwa tanuri likifungwa vioo. Kamera nyingi za bei ndogo zina betri ya lithiamu ndani, na betri hiyo ikipikwa kila siku huvimba na kufa. Zipo zinazotumia kapasita badala ya betri, nazo huvumilia joto vizuri zaidi. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza ukubwa wa picha.

La pili ni mwanga. Ukishapita Konde kuelekea Makangale na Kigomasha, barabara huingia katika msitu wa Ngezi. Nje jua ni kali. Chini ya miti ni kivuli kizito. Kamera dhaifu ikiingia hapo huona giza kwa muda, na ikitoka huona weupe mtupu. Usiku vijijini ni vivyo hivyo, taa za gari linalokuja zinapofunika kila kitu. Tafuta alama ya HDR au WDR, na usidanganywe na maandishi ya 4K kwenye boksi la bei ya kutupa: nyingi huchukua picha ndogo na kuinyoosha tu. Picha halisi ya 1080p kutoka lenzi nzuri hutosha kuonyesha nani alikuwa upande gani, ingawa namba ya gari la mbali huenda isisomeke.

La tatu ni mashimo. Kamera hizi hurekodi mfululizo, na kadi ikijaa hufuta vipande vya zamani. Zikihisi mtikisiko mkubwa, hukifunga kipande hicho kisifutwe. Katika njia za ndani zisizo na lami, kila shimo linaweza kudhaniwa ajali, na kadi ikajaa vipande vilivyofungwa. Punguza wepesi wa kihisi hicho kwenye mipangilio. Nunua pia kadi ya kumbukumbu iliyotengenezwa kwa kurekodi muda mrefu. Ya GB 64 huchukua karibu saa 10 za picha ya 1080p.

Tukilinganisha tatu zinazojulikana, Garmin Dash Cam Mini 2 ni ndogo, haina skrini, na hurekodi 1080p. Humfaa asiyetaka kitu cha kuvutia macho ya wapita njia, ila kuangalia picha lazima atumie simu. Viofo A119 Mini 2 hurekodi 1440p, ina skrini ndogo na hutumia kapasita, kwa hiyo gari linaloshinda juani linaipata kamera yake hapo. 70mai A500S ina picha kubwa zaidi na GPS ya ndani inayoonyesha mwendo na mahali, lakini ni ya betri. Inataka gari linalolala na kushinda kivulini.

Mwenye gari la abiria la Chake–Wete au Chake–Mkoani afikirie ya macho mawili, mbele na nyuma, maana watu hupanda na kushuka nyuma. Gari la nyumbani latosheka na la mbele. Na asiye na uwezo wa kununua sasa anaweza kutumia simu ya zamani yenye programu ya kurekodi, kwa safari fupi tu, kwa kuwa nayo haipendi joto.

Lakini mzazi ajue analoliingiza garini. Kamera yenye GPS itaandika mwendo wa baba anayewahi meli Mkoani, na wa kijana aliyeazima gari jioni. Shahidi huyu hachagui upande. Anayeifunga kwa kuwashitaki wengine tu atajuta mapema. Anayeifunga ili nyumba nzima iendeshe polepole mbele ya skuli ndiye aliyepata thamani ya pesa yake.

Pia ina sauti. Izime, la sivyo mazungumzo ya mke, wazee na abiria yatabaki kwenye kadi. Ikitokea ajali, chomoa kadi mara moja isije ikajifuta, nakili kipande kile, ukipeleke polisi. Usikitume kwenye makundi ya WhatsApp. Mtoto aliyelala barabarani ana mama, na kisiwani hapa video itamfikia mama huyo kabla ya wewe kufika kwake kumpa pole.