Kwotabeki na Walimu Wake

Mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao licha ya jina lake huchezwa zaidi kwa mikono, una mchezaji mmoja ambaye kazi yake haina mfano katika kandanda ijulikanayo Afrika ya Mashariki. Mchezaji huyo huitwa kwotabeki. Kila shambulio lianzapo mpira hutiwa mikononi mwake, naye ana sekunde chache tu za kukata shauri: amkabidhi mkimbiaji, aurushe kwa mwenziwe aliye mbali, au akimbie nao mwenyewe. Kabla ya hapo amekwisha kupokea amri kutoka kwa walimu walio nje ya uwanja, amewaarifu wenziwe kumi, na amewatazama wapinzani kumi na mmoja ili akisie hila yao. Katika vyuo vikuu vya Marekani kazi hii hutwikwa kijana wa miaka 19 au 20, naye huifanya mbele ya watazamaji ambao katika baadhi ya viwanja huzidi 100,000.

Kijana huyo hafundishwi na mtu mmoja. Kanuni ziliruhusu kila timu kuwa na walimu wasaidizi tisa, kisha kumi kuanzia mwaka 2018, na ziliweka saa 20 kwa juma kuwa mpaka wa muda wa mazoezi wakati wa masomo. Kwa hiyo kazi hugawanywa. Mmoja hufundisha makwotabeki, mwingine safu ya mbele inayowakinga, mwingine wakimbiaji. Na juu yao huwekwa mratibu wa mashambulizi, ambaye huchagua mpango wa kila shambulio. Aghalabu cheo hiki cha mwisho nacho hupewa watu wawili, mratibu na mratibu mwenza. Waswahili husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Husema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hizi mbili hazijapatana hata leo, na ugomvi wao waonekana wazi katika habari za Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus.

Mwaka 2014 mwalimu mkuu wa chuo hicho alikuwa Urban Meyer. Mratibu wake, Tom Herman, ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa makwotabeki. Na mratibu mwenza, Ed Warinner, alifundisha safu ya mbele. Mwezi wa Agosti, kabla ya mchezo wa kwanza, kwotabeki Braxton Miller, aliyekuwa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi yao kwa miaka miwili mfululizo, aliumia bega, na msimu wake ukaisha. Nafasi yake ikashikwa na J. T. Barrett, ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa chuo. Katika mchezo wake wa pili, timu ya Virginia Tech ilidaka pasi zake tatu, ikamwangusha mara saba, ikashinda 35 kwa 21. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Walakini kijana yule alijifunza upesi, na kufikia mwisho wa Novemba alikuwa amehusika katika kuufikisha mpira mstari wa mwisho mara 45. Ndipo kifundo cha mguu wake kikavunjika katika mchezo dhidi ya Michigan.

Akabaki wa tatu, Cardale Jones. Huyu mwaka 2012 alikuwa amejipatia sifa mbaya kwa kuandika hadharani kwamba hakuja chuoni kusoma bali kucheza mpira, maneno ambayo hapana mwalimu wa chuo awezaye kuyafurahia. Mchezo wa kwanza aliouanza maishani mwake katika chuo ulikuwa fainali ya ligi, na timu yake ikaishinda Wisconsin 59 kwa 0. Wa pili ulikuwa nusu fainali ya taifa: Alabama wakafungwa 42 kwa 35. Wa tatu ulikuwa fainali yenyewe, tarehe 12 Januari 2015, na Oregon wakalala 42 kwa 20. Herman alitunukiwa tuzo ya mwalimu msaidizi bora wa mwaka, akaondoka kwenda kuwa mwalimu mkuu wa Chuo Kikuu cha Houston.

Hapana shaka kwamba Herman alistahili tuzo ile. Hata hivyo, anayesoma hesabu za michezo ile mitatu hawezi kumsahau mkimbiaji Ezekiel Elliott, aliyepata yadi 220 katika wa kwanza, 230 katika wa pili na 246 katika wa tatu. Yadi hizo zilifunguliwa na safu ya Warinner, safu ileile ambayo mwezi wa Septemba ilimwacha Barrett aangushwe mara saba. Mtu akiuliza nani aliyemkuza Jones, jibu la haki lina majina mawili, na la pili ni la mtu ambaye kazi yake haikuwa kufundisha makwotabeki hata kidogo.

Msimu wa 2015 Meyer alijaribu kuudumisha mpango uleule. Warinner alipandishwa akawa mratibu, akibaki na safu yake; na Tim Beck aliletwa kuwa mratibu mwenza na mwalimu wa makwotabeki. Kwenye karatasi badiliko lilikuwa dogo: neno "mwenza" lilihama kutoka kwa mwalimu wa safu likaenda kwa mwalimu wa makwotabeki. Lakini uwanjani mambo yalikuwa mengine. Jones alianza michezo saba ya kwanza. Ikafika siku ambapo yeye aliongoza timu katikati ya uwanja, na ilipoukaribia mstari wa mwisho akaitwa Barrett. Kisha Barrett akapewa nafasi, akasimamishwa mchezo mmoja, Jones akarudi, Barrett akarudi. Timu iliendelea kushinda, na ushindi una desturi ya kuficha nyufa. Tarehe 21 Novemba, baada ya ushindi 23 mfululizo, Michigan State waliwashinda 17 kwa 14 katika uwanja wao wenyewe. Ohio State walipata yadi 132 tu. Elliott alipewa mpira mara 12, na baada ya mchezo akalalamika waziwazi juu ya mipango iliyochaguliwa.

Juma lililofuata Warinner alihamishwa kutoka kando ya uwanja akapelekwa chumba cha juu, mahali ambapo uwanja wote huonekana. Elliott akapata yadi 214, na Michigan wakafungwa 42 kwa 13. Walimu walikuwa walewale, vyeo vilevile, vijana walewale. Ni vigumu basi kulaumu ushirika wenyewe. Kilichokuwa kimepungua yaelekea ni jambo dogo kuliko cheo: nani aone, nani aseme, na kijana amsikilize nani katika sekunde zile chache. Kosa la aina hiyo halionekani kwenye orodha ya walimu, na anayelilipia kwanza ni kijana aliye uwanjani, ambaye hakuchagua mgawanyo ule.

Mwisho wa mwaka 2016, baada ya Clemson kuwafunga 31 kwa 0, Warinner na Beck waliondoka wote wawili. Meyer hakuuacha ushirika. Aliwaleta Kevin Wilson awe mratibu na Ryan Day awe mwenza na mwalimu wa makwotabeki, na mwaka 2018 kwotabeki wao, Dwayne Haskins, alirusha pasi 50 za kufikisha mpira mstari wa mwisho. Mwaka 2019 Day alimrithi Meyer.

Jones, yule aliyesema hakuja kusoma, alirudi darasani akapata shahada yake mwaka 2017. Barrett alijiunga na walimu wa timu ya Detroit Lions mwaka 2022, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kufundisha makwotabeki, akiwa msaidizi, chini ya mwalimu mwingine.