Hija Inayoanzia Bukumbi

Basi likishaacha Usagara na kushika barabara ya Kigongo, muda si mrefu linafika darajani. Kabla ya hapo linapita maeneo ya Bukumbi. Mahujaji wa Mwanza wanaowahi tarehe 3 Juni kule Namugongo, Uganda, huwa bado wanapanga mizigo, wanagawana maandazi, wanaanza rozari ya kwanza. Hakuna anayechungulia dirishani. Mimi naamini hija ya Mashahidi wa Uganda ingepaswa kuanzia hapa, na mwaka huu niliamua kushuka, nikae Bukumbi kwanza, ndipo nivuke.

Lakini Bukumbi nayo haieleweki bila Kageye, kijiji cha ziwani mashariki ya jiji la Mwanza. Mpelelezi Stanley alifika Kageye Februari 1875, akaunganisha mashua yake na kuingia ziwani kumtafuta Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Barua yake ya kuomba wamisionari ilichapishwa London mwaka huohuo. Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS waliitikia, wakafika kwa Mutesa Juni 1877. Daktari wao, John Smith, alikuwa ameshafia Kageye mwezi Mei, hata Buganda hakuiona. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie wakafuata. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye kwa mtumbwi, wakatua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Waarabu na Waswahili wa biashara walikuwa wamewatangulia wote, na bandari ilikuwa yao. Watu wa dini tatu zilizokuja kupigana Buganda walipita katika ufukwe mmoja wa Usukuma, ambako leo wanaanika dagaa.

Misheni ya Bukumbi ilifunguliwa mwaka 1883, Mapadre Weupe walipokuwa wameondoka Buganda kwa kuona hali si salama. Leo kuna parokia, hospitali, shule ya wasichana, na makazi ya wazee wasiojiweza, wakiwemo waliougua ukoma. Nilikaa asubuhi nzima na wazee hao kibarazani. Bibi mmoja asiye na vidole aliniambia "mwangaluka", akanisogezea kigoda kwa kiganja, kisha akaendelea kupepeta mchele wake kwa ustadi ambao mikono yangu mizima haina. Nilipomuuliza kama amewahi kusikia kwamba Kabaka wa Buganda alikimbilia hapa, alisema hakusikia, ila hakushangaa. Hapa, alisema, kila mtu alikuja akiwa amefukuzwa mahali.

Na Kabaka huyo, Mwanga, alifukuzwa kweli. Novemba 1885 aliamuru auawe Mkristo Yosefu Mukasa Balikuddembe, na mwaka uliofuata akawapeleka Namugongo vijana wa ikulu waliokataa kuacha dini. Lourdel, aliyewafundisha, aliwaona Munyonyo wakipitishwa wamefungwa kamba, asiweze kuwaokoa. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakampindua Mwanga, na baada ya wiki chache Waislamu wakawapindua Wakristo. Wamisionari wakafukuzwa, Wakatoliki na Waanglikana wakisukumwa katika mashua moja ya CMS, Eleanor. Kiboko akaitoboa. Watoto kadhaa wa misheni wakafa maji. Wanaume ambao misheni zao zilikuwa zimebishana mbele ya Kabaka nani ana Ukristo wa kweli, waliivuta mashua kisiwani, wakaiziba pamoja, wakasafiri pamoja hadi kusini ya ziwa. Kwenye mahubiri ya mwezi Juni nimesikia habari za moto mara nyingi sana. Habari za mashua hii sijazisikia hata mara moja.

Mwanga naye alivuka ziwa, akaangukia kwanza kwa Waarabu wa Magu, waliomshika kama mateka. Mwishoni mwa 1888 akatoroka, akabisha hodi Bukumbi. Askofu Livinhac akampokea. Lourdel alikuwepo. Jaribu kuwaza meza ile ya chakula: upande mmoja padri, upande wa pili mtu aliyewachoma wanafunzi wake. Najua siasa ilikuwemo. Wakristo waliokimbia Buganda walihitaji mfalme wa kurudi naye, na mfanyabiashara Charles Stokes akatoa chombo na bunduki. Mwaka 1889 Mwanga akarudi kitini. Hata hivyo ugali aliopewa ulikuwa ugali, na hakuna aliyemlazimisha padri kuupakua.

Njia ya Bukoba ni ndefu na nitaipita haraka, isipokuwa Kashozi. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1892, mwaka ambao vita vya Mengo kati ya Wakristo viliwatupa Wakatoliki upande wa Buddu na mpakani mwa Kiziba. Ukatoliki wa Kagera, uliotupa Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, una mizizi katika ukimbizi huo.

Kampala nilipanda Rubaga kwanza, kisha Namirembe. Vilima hivi viwili vinatazamana, kanisa kuu la Wakatoliki hapa, la Waanglikana pale, Mengo ya Kabaka katikati yao, na msikiti wa Kibuli upande mwingine juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Watu husema Yerusalemu ni ngumu kwa sababu dini zimebanana ndani ya ukuta mmoja. Kampala kila dini ilipata kilima chake, na bado damu ilimwagika. Tarehe 24 Januari 1892, Mwingereza Lugard akiwa amewapa Waprotestanti bunduki, na rashasha yake ya Maxim ikiwa tayari, pande mbili za Wakristo zilipigana hapa, kanisa la Rubaga likateketea. Baadaye majimbo ya Buganda yakagawanywa kwa dini: mengi kwa Waprotestanti, Buddu kwa Wakatoliki, Waislamu wakaachiwa kipande kidogo.

Vita hivyo vilitokea miaka isiyofika sita baada ya Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja, mahali pamoja. Leo hija zao ni mbili. Wakatoliki wana basilika ya mviringo yenye nguzo 22, moja kwa kila mtakatifu wao, na altare mahali alipochomwa shahidi Karoli Lwanga. Waanglikana, wanaowakumbuka mashahidi wao 23, wana eneo lao mwendo mfupi kutoka hapo. Nilifika maeneo yote mawili kwa miguu, nikiwa na kidumu cha maji ya bwawa la Namugongo, na njiani nikaona mahujaji wachache sana wakifanya vivyo hivyo. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, aliwataja na Waanglikana waliokufa. Nadhani alifika mbele kuliko wengi wetu tunaopanda basi.

Kisha kuna wale mashahidi wa kwanza. Miaka 10 kabla ya Karoli Lwanga, Mutesa aliwaua Namugongo vijana Waislamu, wapatao 70 kwa kumbukumbu za Waislamu wa Uganda. Kosa lao kubwa lilikuwa nyama. Kabaka alijiita Mwislamu, alifunga Ramadhani, lakini hakutahiriwa, nao wakakataa kula nyama iliyochinjwa ikuluni kwake. Mahujaji niliosafiri nao walikuwa hawajui. Katekista mmoja wa Sengerema alinyamaza nilipomsimulia, kisha akasema, "Ndugu yangu, hiyo ni Buseresere."

Alisema kweli. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uliishia kwa mchungaji kuuawa na wengine kujeruhiwa. Barabara yetu ya kurudi inapita hapohapo. Basi lilisimama abiria wakanunua mishikaki, na katekista akawaeleza wenzake, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, habari za vijana 70 wa Mutesa. Mama mmoja akauliza mbona paroko hakuwaambia. Kijana mmoja Mwislamu aliyepandia Biharamulo akauliza kaburi lao liko wapi, kama mtu anaweza kwenda kuwaombea dua. Katekista akamwandikia kwenye karatasi ya tiketi: ushuke Kampala, upande daladala za Namugongo, ukifika uliza msikiti.