Giza Likirudi Utalipa: Sato, Ugali na Deni Mezani Nkome

Kuna mtu akikualika kula, unajua unaenda kula tu. Na kuna mtu akikualika kula, moyo unaanza kujiuliza: huyu ameshasikia?

Ndicho kilichomkuta dada mmoja wa Dar, muuza nguo mtandaoni, mwenye wafuasi wa kutosha na picha kali kila siku. Shosti wake waliyesoma naye sekondari Mwanza alimpigia simu kutoka Nkome, mkoani Geita. "Njoo ule sato. Mbalamwezi imeanza, wiki nzima sina kazi."

Akajibu haraka, "Nakuja." Halafu akakaa na simu mkononi muda mrefu.

Sababu ni hii. Miezi mitatu nyuma alikopa Sh 80,000 kwenye programu ya mikopo ya mtandaoni ili atoe mzigo. Mzigo ukachelewa. Akakopa kwenye programu nyingine alipe ile ya kwanza, kisha ya tatu alipe ya pili. Wanaojua kausha damu wanajua hadithi inavyoendelea. Siku alizokwama, watu walioko kwenye simu yake wakaanza kupokea ujumbe wenye jina lake na picha yake: mwambieni mdaiwa huyu alipe, amewaweka wadhamini. Mashangazi, wateja, hadi mwalimu wake wa zamani. Kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, mmoja aliuweka ule ujumbe na vikatuni vya kucheka. Dada wa watu akajitoa kundini kimya kimya.

Tatizo hili si lake peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Lakini orodha haifuti ujumbe ambao shangazi yako ameshausoma.

Basi bwana, safari ikaanza. Enzi za shule aliwahi kwenda Nkome likizo moja, wakapanga foleni ya kivuko pale Kigongo huku wakigawana hindi moja la kuchoma. Safari hii basi lilipita juu ya Daraja la Magufuli, kama kilomita 3 za maji chini yako, lililofunguliwa Juni 2025. Hakuna foleni, hakuna hindi. Akafika akiwa amevaa miwani mikubwa na tabasamu la kwenye ukurasa wake.

Mgahawa wenyewe uko karibu na mwalo. Mabati juu, viti vya plastiki, ziwa mbele, na harufu ya samaki ambayo ukikaa dakika tano unaisahau. Hakuna karatasi ya menyu. Mama mwenyewe anakuja, anakusalimia, anakutajia kilichopo: sato wa kukaanga, sato chukuchuku, kichwa cha sangara, dagaa, ugali wa mahindi na ugali wa muhogo.

"Mimi dagaa na ugali tu, nipo kwenye diet," mgeni akasema. Kichwani alikuwa anahesabu nauli ya kurudi.

Mwenyeji akamtazama, akamgeukia mama. "Mama, tuletee sato chukuchuku yule mkubwa. Ugali wa muhogo. Na mlenda."

Sato akaja kwenye sinia, mzima, kichwa na mkia, mchuzi mwepesi wa nyanya, kitunguu na ndimu, pilipili imepasuliwa juu yake. Ule ugali wa muhogo ambao mtu wa Dar akiuona mara ya kwanza anauliza kama ni gundi, lakini ukiukata tonge, ukachovya kwenye mlenda, ukapitisha kwenye mchuzi, unateremka wenyewe. Mgeni akasahau diet. Akavua miwani. Akala kama zamani, vidole vitano, bila kupiga picha hata moja.

Simu yake ikaita. Namba ngeni. Akaigeuza kifudifudi.

Ikaita tena.

"Shosti, simu."

"Wateja hao, wasumbufu kweli."

Ilipoita mara ya tatu mwenyeji alikuwa anachambua miba shavuni mwa samaki. Akasema bila kuinua macho, "Hao wateja hata mimi walinitumia ujumbe."

Tonge la mgeni likaishia njiani. Akalirudisha kwenye sinia, akanawa mkono taratibu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Wiki tatu sasa."

"Ukaniita huku unihurumie? Au unione nilivyo?"

"Nilikuita ule."

"Si ungeniambia kwenye simu!"

"Ningekuambia ungekuja?"

Hakujibu. Machozi yalikuwa yameshatangulia. Mwenyeji hakumwambia nyamaza. Alitoa ile nyama ya shavuni, sehemu tamu kuliko zote, akaiweka upande wa mwenzake wa sinia, akaendelea kula. Baada ya muda mkono wa mgeni ukarudi.

Wakamaliza. Mama akaja na hesabu: Sh 23,000. Mgeni akaanza kufungua pochi, anatafuta kwa aibu. Mwenyeji akamzuia.

"Mama, niandike."

Mama akatoa daftari lililokunjamana, peni imefungwa kwa kamba. Akaandika. "Giza likirudi utalipa, mwanangu. Karibuni tena."

Mgeni akabaki mdomo wazi. "Kumbe na wewe umekopa?"

Hapo ndipo akaeleweshwa mambo ya ziwani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na mitumbwi mingi ya dagaa inapumzika. Kwa mwenyeji, ambaye kazi yake ni kununua dagaa mwaloni, kuwaanika na kuwapeleka sokoni, mbalamwezi ni mfuko mtupu. Nusu ya mwalo inaishi kwenye daftari la yule mama hadi giza lirudi.

"Sasa kwa nini umeagiza sato mkubwa na huna hela?"

"Kwa sababu umekuja."

Wakacheka, cheko lile la mtu aliyetoka kulia.

Deni la simu halikulipwa siku ile. Mwenyeji hakuwa nazo, na hakujifanya anazo. Alichokuwa nacho ni kiroba kimoja cha dagaa wakavu kilichobaki ndani. Akampa. "Una wafuasi wote wale, uza hivi. Ukiuza unirudishie mtaji, faida punguza kule. Na usikope kwingine kulipa kule." Jioni mgeni alipokea ile simu kwa mara ya kwanza, mbele ya mwenzake, akawaambia atalipa kidogo kidogo na waache kusumbua watu. Upande wa pili walifoka. Yeye hakukata.

Wote wawili walikuwa wanadaiwa pale mezani. Mmoja anadaiwa na mama anayemwita mwanangu na anayejua mwezi ukiwa mkubwa mambo yanakuwaje. Mwingine anadaiwa na namba asiyoijua sura yake, inayojua tu majina ya ndugu zake. Deni ni deni, litalipwa. Ila lile la daftari halikumfanya mtu akimbie marafiki zake.

Alirudi Dar na kiroba. Picha aliyoweka ukurasani ilikuwa ya sinia tupu, miba mitupu. Maelezo mafupi tu: dagaa wa Nkome wapo, karibuni.

Haya, wewe: kama ujumbe wa namna ile umeingia kwenye simu yako kuhusu rafiki yako, uliupeleka kwenye kundi, au ulimwita mkale?