Kutoka Kitengela Hadi Boma la Baba

Kutoka Kitengela kwenda kwetu Kimuka kuna njia mbili. Ya kwanza inapita Mlolongo hadi katikati ya Nairobi, kisha unapanda matatu ya Ngong. Ya pili inakata Tuala hadi Ongata Rongai, Kiserian, Matasia na Ngong. Mimi huchagua ya pili hata ikiwa na vumbi, kwa sababu ndiyo njia ya kwetu, na ukiwa dirishani unaona kaunti ya Kajiado inavyobadilika.

Safari hii kaka yangu mkubwa alikuwa amenipigia simu. "Dada, Jumamosi tuna kikao. Kuna mtu anataka ekari tano." Hakusema nije. Alinipasha habari tu, jinsi wasichana wa boma letu walivyozoea kupashwa habari mambo yakiwa yameshaamuliwa. Nilimwambia nitakuja.

Kutoka Kitengela hadi Tuala, kilichonijaa machoni ni nyaya za ua. Nyanda hizi ndiko nyumbu na punda milia wa Mbuga ya Nairobi walikokuwa wakihamia wakati wa mvua. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili wasizungushe ua wala kuuza, wanyama waendelee kupita. Nchi ikazidi kukatwa hata hivyo. Leo kuna vibao vya "Ploti Zinauzwa" mahali ambapo mtoto angeweza kuchunga mbuzi kutwa nzima asikutane na ukuta. Simlaumu aliyenunua. Mimi mwenyewe ninaishi Kitengela, kwenye ploti iliyokuwa malisho ya mtu.

Rongai tulikaa kwenye foleni. Kiserian nikanunua sukari, majani ya chai na tumbaku ya mama. Huko ndiko baba alikokuwa akiswaga ng'ombe wa kuuza karo zilipodaiwa, akirudi usiku akiwa na fimbo na rungu tu.

Baada ya Ngong barabara inapita Kibiko, inauzunguka mwisho wa vilima vya Ngong upande wa kaskazini, na ghafla Bonde la Ufa linafunguka chini yako, mlima Suswa ukiwa mbali kwenye ukungu wa joto. Upepo wa hapo haujawahi kubadilika. Mwaka 1993 upepo huo ndio uliozungusha mitambo miwili ya kwanza ya umeme pale kileleni, nasi watoto tukaacha mbuzi waingie kwenye mahindi ya watu tukishangaa. Mwaka 2009 ikaongezwa mingine. Tangu 2019 treni ya Naivasha nayo inapita chini ya vilima, katika handaki la kilomita nne na zaidi. Haya yote yalikuja, na kila lilipokuja, bei ya ardhi ilipanda.

Utoto wangu ulikuwa kwa kokoo, nyanya yetu mzaa baba. Ndiye aliyenifundisha kusafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto la mti wa oloirien, kukitikisa mpaka moshi uingie kila pembe, kisha kukisugua kwa ufito. Nikifika mbele ya mzee nilikuwa nainamisha kichwa, naye ananigusa utosini. Kokoo alinipa mtamba wa rangi ya kahawia, akasema mbele ya wote kwamba huyu na uzao wake ni wangu. Baba aliuheshimu uamuzi huo. Uzao wa mtamba yule ulinisomesha kidato cha kwanza na cha pili, na waliobaki wakafa katika ukame wa 2009.

Kikao kilifanyika chini ya mgunga. Zamani kazi yangu pale ilikuwa kuleta chai na kuondoka. Safari hii niliileta chai, nikavuta kigoda, nikaketi kando ya mama. Wazee wawili walitazamana. Hakuna aliyeniambia niondoke.

Kaka alieleza shida zake, na ni za kweli. Ukame wa 2022 ulimwachia ng'ombe wasiojaza hata zizi la ndama, na ana watoto wawili sekondari. Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa maana ndiye aliyebaki na mama sisi tulipotawanyika. Kisha nikauliza hati ina jina la nani. La baba. Na baba tulimzika bila mtu yeyote kwenda mahakamani kufungua mirathi. Basi hakuna kati yetu mwenye uwezo wa kuuza hata hatua moja.

Mzee mmoja akasema mila haimpi binti ardhi. Nilimjibu kwa adabu kwamba hata Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 iliiacha ardhi ya kilimo na mifugo ya Kajiado chini ya mila, lakini Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kati ya mwana na binti. Nikaongeza kwamba sikuja kudai kipande. Nilikuja kwa sababu mama bado analala hapa, kokoo na baba wamelala hapa, na mwenye uchungu na mahali hapa si mwana wa kiume peke yake.

Mama ndiye aliyemaliza maneno. "Wote watano ni wa tumbo langu. Asiuze mtu mpaka wote watano wamekubali." Tukaafikiana: karo ya muhula huu tuchangie sote, mimi na dada zangu tukiwemo, na kaka aende na mama Kajiado kufungua mirathi kwa majina ya watoto wote. Aliponisindikiza barabarani kaka alinibebea mfuko, akaniambia, "Ungekuja mapema, dada." Nilimwambia aniite mapema.

Wewe msomaji uliye na hati ya shamba yenye jina la marehemu baba, iwe Kimuka, Isinya au Mashuru, ita familia nzima kabla mnunuzi hajaja na mpima ardhi. Waite na mabinti walioolewa. Nauli yao ni ndogo kuliko kesi.